Namna ya Kuufufua Mkutano wa Magari ya Kujiundia na Mbio za Ridhaa

Kila mwaka mvua za masika zikikatika, simu yangu huanza kulia. Anayepiga huwa amekwisha kuita mkutano wa magari mara moja au mbili, kwenye shamba la rafiki huko Athi River, karibu na Nairobi, au uwanja wa maegesho uliokaa bure Jumapili. Maswali hayabadiliki. Mara ya kwanza walikuja watu arobaini, mara ya pili kumi na tano, tatizo ni nini? Koni zipangwe vipi? Huyu kijana aliyejichomelea chasisi nyumbani, nimruhusu au nimrudishe? Nimeyajibu kwa simu mpaka nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Magari ya kujiundia ni yale ambayo mwenyewe ameyaunga kwa mikono yake, ama kwa vipande alivyonunua tayari, ama kwa mabomba na spea alizookota huku na huku. Waingereza walianza kuuziwa Lotus Seven kwa vipande mwaka 1957, na tangu 1973 muundo huo uko mikononi mwa kampuni ya Caterham. Kule California, Bruce Meyers alitoa bagi yake ya Meyers Manx mwaka 1964, gari jepesi la wazi la kukimbilia mchangani, na baadaye bodi yake ya faibaglasi ikakalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Sisi tunaikumbuka Beetle kwa Safari Rally iliyoshinda mwaka 1954, lakini sakafu yake imewafundisha kazi mafundi wengi wa bagi. Na bagi ya mabomba iliyochomelewa mtaani Kariobangi, Nairobi, ikapewa injini ya Toyota, nayo ni gari la kujiundia, kamili.

Kwa mbio za ridhaa nakusudia kushindana na saa: gari moja kwa wakati mmoja, linazunguka koni kwenye eneo lililofungwa. Kugombania njia gari kwa gari si habari ya mwongozo huu.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: watu hawaukimbii mkutano kwa sababu ya vumbi wala kiingilio. Wanakimbia kungoja. Dereva aliyengoja saa tatu ili aendeshe dakika mbili harudi. Mjenzi aliyesimama kando ya gari lake tangu asubuhi bila mtu kumwuliza neno, huyo harudi kabisa, na pengine hata gari halimalizi.

Vya kuwa navyo kabla hujatangaza tarehe

- Barua ya ruhusa ya mwenye ardhi, na nakala iliyogongwa muhuri katika kituo cha polisi cha hapo karibu.
- Ambulensi yenye wahudumu wake, ikae pale tangu gari la kwanza hadi la mwisho.
- Mitungi ya kuzimia moto ya poda, kilo 6 kila mmoja: mmoja kwenye kila kituo cha wasimamizi, mmoja mahali pa kuanzia, mmoja kwenye maegesho.
- Koni 80 au zaidi, na chaki au chokaa ya kuzichorea.
- Redio za mkononi, moja kwa kila kituo, na bendera nyekundu vivyo hivyo.
- Saa mbili za kupimia muda. Simu mbili zinatosha.
- Helmeti tatu za akiba za ukubwa tofauti.
- Turubai la kivuli, maji ya kunywa, choo.
- Ubao mkubwa na kalamu nene.

Kuhusu sheria sitarefusha. Mara tu unapopima muda na kutangaza mshindi, hayo ni mashindano, na mashindano ya magari yana chombo chake cha taifa. Kenya ni Kenya Motor Sports Federation, Tanzania ni Automobile Association of Tanzania, Uganda ni Federation of Motorsport Clubs of Uganda. Nenda kwao mapema, au jiunge na klabu ambayo tayari ni mwanachama. Na uwaambie watu wako waziwazi kwamba bima ya kawaida ya gari kwa kawaida hailipi ajali ya mashindano.

Hatua

1. Piga hesabu ya kungoja. Chukua karatasi. Una magari 24 na kila dereva unampa mizunguko 5, hiyo ni mizunguko 120. Ukiachia gari kila baada ya dakika tatu, unahitaji saa sita. Ukiachia kila baada ya sekunde 90, saa tatu zinatosha. Siku ni ile ile, uwanja ni ule ule, magari ni yale yale.

Hizo sekunde 90 zinapotea wapi? Kwenye mstari wa kuanzia. Dereva anaitwa, ndipo anaanza kutafuta helmeti, ndipo anagundua mkanda umejisokota. Dawa yake ni kuwa na magari matatu kwenye foleni wakati wote, madereva wamo ndani, helmeti kichwani, mikanda imekazwa. Asiye tayari anapitwa, anarudi nyuma ya foleni. Mara mbili tu utampita mtu hivyo, baada ya hapo wote watakuwa tayari.

2. Gawa watu makundi mawili, na kila mtu apewe kazi. Kundi la kwanza likiendesha, la pili linafanya kazi, kisha wanabadilishana. Kwa magari 24 unapata watu 12 wa kazi: wanane kwenye vituo vinne vya kona, wawiliwawili, wawili wa saa, mmoja wa kuachia magari, mmoja wa kulinda lango la njia. Hakuna anayekaa bure, wala huhitaji kulipa vibarua. Na aliyesimama kwenye kona kwa saa moja na nusu akiwatazama wenzake atajifunza njia kuliko ambavyo angejifunza kwa kuambiwa.

Tahadhari: usikubali mtu aendeshe kundi la kwanza kisha aondoke kabla ya zamu yake ya kazi. Chukua kitambulisho chake asubuhi, umrudishie akimaliza kona yake.

3. Chagua uwanja kwa kuanzia na udongo. Murram iliyoshindiliwa ni nzuri, na lami pana ni bora zaidi. Ule udongo mweusi wa Athi na Kitengela uuogope: ukiwa mkavu unapasuka nyufa, ukipata manyunyu ya dakika kumi unageuka gundi na hakuna gari litakalotoka. Kwa Nairobi na jirani zake, miezi ya Januari, Februari, na Juni hadi Septemba ndiyo ya kupanga. Tembea uwanja wote kwa miguu ukitafuta mashimo ya panya, vyuma vya nguzo zilizokatwa na mifereji iliyofunikwa na nyasi.

4. Pangeni njia ya koni. Lengo ni mzunguko wa sekunde 50 hadi 60, gia ya pili tu, mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Koni za kupinda kushoto na kulia ziachane mita 15. Milango ya koni iwe na upana wa mita 5. Njia yote ikae angalau mita 15 kutoka kwa mti, nguzo au ukuta, na watazamaji warudishwe nyuma mita 30, upande wa ndani wa kona. Upande wa nje, ambako gari likiteleza ndiko linakoelekea, asikae mtu wala gari.

Kosa ninaloliona kila mahali ni mstari wa kumalizia. Watu huuweka mwisho wa sehemu iliyonyooka, ukielekea maegesho, ili watazamaji waone vizuri. Maana yake dereva anafika akiwa kwenye mwendo mkubwa kuliko wote, breki zimepata moto, na mbele yake kuna watoto wanakula mahindi. Weka kona mbili za polepole kabla ya kumaliza, kisha kiboksi cha koni ambamo gari lazima lisimame kabisa, na kiboksi hicho kielekee porini.

Kila koni ichorewe mstari wa chaki kuizunguka chini. Ikigongwa ikatoka yote nje ya mstari, dereva anaongezewa sekunde 2. Ikibaki imegusa mstari, hana hatia. Chaki hiyo inamaliza ubishi, na msimamizi anajua pa kuirudisha koni bila kukisia.

5. Kagua kila gari, bila kumwonea mtu haya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wajenzi wanapoogopa, nao hawana sababu ya kuogopa. Ukaguzi si mtihani wa kumfukuza mtu. Ni mafundi wawili wanaolipitia gari pamoja na mwenyewe, anayejua kila bomba lilitoka wapi.

Anza na magurudumu. Inua gari, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu. Shika kushoto na kulia. Likicheza, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Kwa bagi ya Beetle, angalia ile nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ya spana 36. Inatakiwa kukazwa kwa karibu Nm 300 (nyutonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ambayo spana fupi haifiki hata ukisimama juu yake. Tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisipolingana, unakaza mbele mpaka lilingane, hulegezi kurudi nyuma. Asubuhi moja nilikagua bagi iliyopakwa rangi ya chungwa, inang'aa, mikanda mipya, kila kitu. Nilipofika gurudumu la nyuma kushoto nikakuta nati haina pini, na nilipoigusa ikazunguka kwa vidole. Mwenyewe alikuwa amelileta kutoka Nakuru, kilomita 160 na ushei, akipanda kutoka Bonde la Ufa. Hakusema neno. Alikaa chini kwenye nyasi akaitazama ile nati mkononi mwake.

Kisha breki. Kanyaga pedali kwa nguvu uhesabu sekunde 30. Ikizama taratibu, silinda kuu ya breki inapitisha mafuta, na gari hilo haliendi popote. Uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa kila siku, na yakishalowa kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Gari lililokaa uani miaka miwili huku linajengwa lina mafuta yaliyochoka hata kama halijatembea kilomita moja.

Betri ifungwe kwa chuma, si kwa kamba ya mpira wala waya wa ua, na kichwa chake cha chanya kifunikwe. Bomba la petroli lisipite ndani alimo dereva, na likipita liwe la chuma. Kabureta iwe na springi mbili za kuifunga dereva akiachia pedali ya mafuta, moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Swichi ya kuzima umeme wote ifikiwe na mtu aliye nje.

Gari lililo wazi lazima liwe na rolibaa, lile bomba la nyuma ya kichwa. Mpime dereva akiwa amekaa, amefunga mkanda, amevaa helmeti: weka fimbo nyoofu kutoka juu ya rolibaa hadi sehemu imara ya mbele ya bodi, na helmeti iwe chini ya fimbo hiyo kwa sentimita 5 au zaidi. Chunguza kila mchomeleo unaoshika mkanda, rolibaa na mikono ya gurudumu. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba kama unywele kandokando ya mchomeleo, chukulia kwamba chuma cha chini nacho kimepasuka.

Helmeti ichunguzwe ndani, chini ya kitambaa, kama ina karatasi ya Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti. Herufi SA ni ya magari, na kitambaa chake kinastahimili moto. Herufi M ni ya pikipiki. Mimi huruhusu M kwa siku ya kwanza ya mgeni kwenye gari lililofunikwa, baada ya hapo namtaka atafute SA. Helmeti za bodaboda zisizo na alama yoyote siziruhusu, na sijawahi kujuta.

Gari likikataliwa, usiishie kusema hapana. Liandikie kasoro kwenye karatasi, ulipeleke kwenye safu ya wajenzi, ambayo ndiyo hatua inayofuata.

6. Wape wajenzi mahali pa heshima. Mkutano wa kwanza niliousimamia, alikuja kijana na chasisi tupu juu ya pikapu. Haikuwa na injini. Langoni tulimwuliza utaendesha gari gani, akasema hili bado. Tukamwambia apaki kule nyuma, karibu na vyoo. Alikaa juu ya tairi la akiba mpaka saa nane mchana akaondoka, na hatukumwona tena. Bado naumia nikimkumbuka.

Siku hizi chasisi tupu inawekwa mbele kabisa, njia ya kuingilia, mahali ambapo kila mtu lazima aipite. Boneti wazi, viti nje, mabomba yaonekane. Na kila mjenzi anajaza karatasi ngumu yenye mistari mitano, anaitundika kwenye gari:

Sakafu au chasisi imetoka wapi.
Nimeanza lini.
Nimetumia pesa ngapi hadi leo.
Nilichoharibu nikarudia.
Kinachonishinda sasa.

Mstari wa tano ndio unaofanya kazi. Mtu akiandika jina la gari na nguvu za farasi, wapitaji hupiga picha wakaenda zao. Akiandika kinachomshinda, wanasimama. Nimewahi kuona karatasi imeandikwa "klachi haitoki, nimetoa hewa mara nne." Fundi mmoja wa malori alipita akila, akaisoma, akapiga magoti na sahani ya nyama ingali mkono mmoja, akapapasa chini ya pedali. Kumbe fimbo ya silinda ilikuwa fupi, haisukumi mpaka mwisho. Walikata bolti wakairefusha papo hapo, na kufikia alasiri gari lilikuwa linaingia gia.

Ongeza meza moja ya kubadilishana spea, na nusu saa ya fundi kuonyesha kitu kimoja kwa vitendo: kuchomelea bomba jembamba bila kulitoboa, au kutengeneza waya za taa kutoka mwanzo. Kitu kimoja tu, na washiriki wajaribu kwa mikono yao.

7. Semeni na madereva kwa dakika kumi. Wote pamoja, saa mbili asubuhi, baada ya kuitembea njia kwa miguu. Bendera nyekundu maana yake simama hapo hapo, hata ukiwa kwenye mzunguko wako bora. Ukipotea njia, punguza mwendo uifuate hadi mwisho, usigeuke kurudi. Maegeshoni ni mwendo wa mtu anayetembea. Anayezungusha magurudumu kwa maonyesho anamaliza siku yake hapo, hata akiwa ndiye aliyelipia hema.

8. Pima muda kwa njia rahisi. Watu wawili, saa mbili, andika wastani. Matokeo yaende ubaoni papo hapo, kwani mtu akiona alama yake anabaki kutazama ya mwenzake. Tenganisha makundi: Subaru ya turbo haina cha kushindana na bagi ya Beetle. Na tuzo ninayoipenda kuliko zote ni ya aliyepunguza sekunde nyingi zaidi kati ya mzunguko wake wa kwanza na wa mwisho. Mgeni anaweza kuichukua siku yake ya kwanza.

9. Chakula, kivuli, watoto. Pata mama mmoja anayejua kupikia watu wengi, umwachie kazi yake. Familia zikiwa na mahali pa kukaa, dereva habanwi kuondoka saa sita.

Mambo yakienda kombo

*Gari lililopanda kutoka Mombasa linatoa moshi mweusi na halina nguvu.* Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, na kabureta iliyopangwa pwani inamwaga petroli kupita kiasi. Toa plagi: zikiwa nyeusi na zenye masizi makavu, weka jeti kuu ndogo zaidi, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Usihangaike na skrubu ya sailensa, ile ya kupanga injini inavyonguruma gari likiwa limesimama, hiyo haigusi injini ikiwa kwenye mwendo. Gari lisilo na kabureta, linalonyunyiziwa petroli kwa sindano na kompyuta, kwa kawaida hujirekebisha lenyewe.

*Majirani wanalalamika kelele.* Pima kabla hawajaja. Viwanja vya Uingereza huweka kipimo nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye mizunguko iliyopangwa. Fanya hivyo kwa kila gari, uone linalozidi wenzake. Na usianze kabla ya saa tatu siku ya ibada.

*Watazamaji wanasogea mbele kidogokidogo.* Simamisha magari. Usipaze sauti, usitishe mtu. Bendera nyekundu juu, injini zizimwe, mpaka kamba irudi ilipokuwa. Watarudishana wenyewe.

*Mvua imeshika katikati ya kundi la kwanza.* Matokeo ya kundi la kwanza na la pili hayalinganishwi tena. Futa ushindani, punguza njia iwe fupi na ya polepole, acha watu wajifunze kwenye utelezi. Ikiwa ni udongo mweusi, toeni magari yote mara moja, yale mazito kwanza.

*Wamejiandikisha magari 50.* Kataa 20, kwa simu, kwa upole, na uwape nafasi ya kwanza mkutano ujao. Au waalike waje na magari yao kwenye safu ya wajenzi, wajaze ile karatasi ya mistari mitano.

*Wajenzi wanaondoka mchana.* Tazama ulikoweka safu yao. Kama kutoka hapo hawaoni mstari wa kuanzia, isogeze. Kisha wape zamu: kila mjenzi ambaye gari lake halijakamilika apande mzunguko mmoja na dereva mzoefu, kwenye gari lenye kiti na mkanda wa pili, helmeti kichwani, akiwa amesaini fomu kama wengine. Panga zamu hizo saa tisa alasiri, uandike majina yao ubaoni tangu asubuhi.